Hotuba Mbele ya Mashati

Kila jioni, wenzake walipokwenda kula makundi kwa makundi, Kimya alishika njia ya chumba cha kufulia nguo. Jina hilo alipewa bwenini, kwa sababu tangu aanze chuo kikuu maneno yake yalikuwa mawili tu: "habari" na "nzuri". Humo ndani alisimama mbele ya mashati yaliyoanikwa, akasafisha koo na kuanza, "Mabibi na mabwana..."

Usimcheke. Kuzungumza mbele ya watu lilikuwa somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe anasomea udaktari au kilimo. Ukifeli, unalirudia mwakani. Hotuba ya Kimya ilihusu jinsi ya kumwogesha mtoto anayeogopa maji, kazi aliyoifanya nyumbani kwa mdogo wake wa mwisho. Aliikariri yote. Mashati nayo yalikuwa na adabu, hayakumkatiza hata kidogo.

Siku yake ilipofika, alianza vizuri. Mara kijana wa mbele akapiga chafya, mwenzake akasema, "Pole, babu!" Darasa likacheka. Basi, maneno ya Kimya yakatawanyika kama kuku waliofunguliwa banda. Akatazama dari, akatazama viatu vyake, akarudi kuketi.

Baada ya kipindi mwalimu wao, mama mmoja wa sauti nzito, akamwita.

"Binti, ulifanya mazoezi mbele ya nani?"

"Mbele ya nguo, mwalimu."

"Nguo za nani?"

"Sijui. Nilizikuta zimeanikwa."

Mwalimu alijikaza asicheke, akashindwa. "Nguo hazipigi chafya, mwanangu! Haya, nitakusikiliza tena Ijumaa. Ila uje na mtu aliyekusikiliza kwanza. Bila huyo mtu, usije."

Kimya alitoka akiwa mzito kama gunia lililolowa. Hotuba alikuwa nayo. Mtu ndiye hakuwa naye. Kwao angewapata hadi wa kugawa. Hapa bwenini alipita koridoni akisikia vicheko nyuma ya milango, na kila kicheko kilikuwa na wenyewe.

Alhamisi jioni maji yalimfika shingoni. Akamgeukia msichana aliyelala naye chumba kimoja, aliyekuwa kitandani, simu mkononi.

"Samahani, dada. Una nafasi kidogo?"

Msichana akaketi wima. "Kumbe unaongea! Mimi nilijua unaringa."

"Siringi. Naogopa."

"Unaniogopa mimi? Mimi ninayemkimbia mende?"

Kimya akacheka, kisha akaanza. Hakufika mbali.

"Ngoja kwanza. Mtoto akigoma kuingia kwenye beseni je?"

"Tunaogesha gari lake la kuchezea. Likishatakata, naye anaona wivu."

"We! Na sabuni ikimwingia machoni?"

Alikatizwa tena na tena, na kila mara akashangaa kwamba maneno bado yapo. Alipomaliza, mwenzake aliuliza polepole, "Unamkumbuka sana mdogo wako, eti?"

Kimya akaitikia kwa kichwa.

"Mimi namkumbuka mama. Nilikuwa nakuona ukitoka jioni, nikadhani unakwenda kwa marafiki zako. Nabaki hapa na biskuti zangu."

Ijumaa walikwenda pamoja. Katikati ya hotuba mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Kimya akautupia jicho, akaendelea hadi mwisho. Akafaulu.

"Hotuba yako haikunitia wasiwasi," mwalimu alimwambia. "Wasiwasi wangu ulikuwa kama utathubutu kumwomba mtu msaada. Mwanangu, shida usijifungie nayo chumbani. Sema. Na huyo unayemwogopa, huenda naye anangoja aulizwe hali."

Walirudi bwenini. Mwenzake, aliyepiga soga njia nzima, alishusha sauti ghafla walipoingia chumbani.

"Mimi zamu yangu ya kuhutubia ni Jumatatu," akasema, "na sijamwambia mtu yeyote kwamba naogopa."

Kimya akavuta kiti, akaketi. "Simama pale. Anza."