Marahaba Iliyotangulia

Asubuhi hiyo Tabora iliamka na kuku ukutani.

Si kuku wa kuchorwa kwa rangi. Walikuwa kuku wa kienyeji, kama hai kabisa, wakipekua vumbi kwenye pembe ya kila ukutanuru wa jiji: stesheni, benki, madarasani, hata ofisini kwa meya, ambako jogoo alisimama akawika katikati ya hotuba. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ukutanuru, kwa asiyeujua, ni ukuta unaojichora wenyewe. Ukitaka ramani unapata ramani. Daktari akitaka kuuona moyo wa mgonjwa, anauona ukidunda mbele yake. Nyuma ya kuta hizo zote kuna programu moja iitwayo Mchoraji. Programu nyingine, kubwa kwa ndogo, zikitaka kuonyesha kitu humwomba yeye, na ili asikwame popote Mchoraji amepewa funguo za kila mlango wa jiji.

Mhandisi Limi Kasanda, aliyemtengeneza Mchoraji, hakucheka hata kidogo.

"Mayunga, hao kuku wametoka wapi?" alimuuliza msaidizi wake kwa simu.

"Ghorofa la wazee, mtaa wa Cheyo. Kwa Bibi Nyamizi. Na anaongea, dada. Sauti yake inatoka kwenye kila ukuta."

Kweli bwana. "Hili limepasuka," sauti ya kizee ilitangaza jijini kote. "Hili nalo, mh, kama gololi."

Limi aliiona hatari mara moja. Bibi alikuwa akikagua mayai ya sokoni, na kila neno lake Mchoraji alikuwa akilipokea kama amri. Neno la kufunga kuta zote ni "zima." Bibi akiokota yai lisilo na ufa, akasema tu "hili zima," kuta zote zingekuwa giza, na huko hospitali kuu kulikuwa na mgonjwa mezani, kifua wazi, daktari akifanya kazi kwa kuutazama ukuta.

"Mzuie!"

"Nimejaribu. Mchoraji ananijibu, 'Mkubwa anaongea, subiri.'"

Limi alirukia kiruka chake, kile kiti chenye mapanga mgongoni, akapita juu ya mapaa kwa mwendo ambao ungempatia mtu mwingine faini. Alipofika mlangoni kwa bibi alifungua mdomo aamkie.

"Marahaba!" akadakia Bibi Nyamizi kabla hajatoa neno. "Pita, mjukuu wangu, uone kuku wangu wanavyopendeza."

Hapo ndipo Limi alipoelewa. Bibi alikuwa amevuka miaka tisini na masikio yalishachoka. Kila aliyekuja alimwamkia, na kwa kuwa shikamoo hakuzisikia tena vizuri, alizoea kuzijibu kabla hazijafika. Hata ukuta mpya aliowekewa jana aliuanza na marahaba, kisha akautaka kuku.

Kosa lilikuwa la Limi mwenyewe. Alitaka Mchoraji awe na adabu za kwao. Programu ndogo humwambia "shikamoo," naye huichorea sehemu yake tu. Wakuu wa jiji, yeye ndiye huwaamkia, na wakijibu "marahaba" huwatii kwa lolote. Limi hakumfundisha jambo moja: kujiuliza kama kweli ameamkia. Mwenye sauti ya kizee akisema marahaba, basi, ni mkubwa na hakuna mjadala. Tundu hilo halikuonekana miaka yote, maana nani hujibu salamu asiyopewa?

"Bibi, tafadhali, liweke chini hilo yai," Limi alisema sikioni kwake.

"Hili? Mbona hili zi..."

Limi alimziba mdomo kwa kiganja. Kumziba mdomo bibi wa watu! Aliona aibu isiyosemeka. Bibi naye akaangua kicheko humo humo ndani ya kiganja, akidhani ni mchezo.

Ilibidi Limi amweleze yote, huku jiji likisikiliza. Bila shaka kuna tapeli aliyekuwa tayari anamwamsha babu yake aseme marahaba naye. Tundu lilipaswa kuzibwa sasa hivi, lakini Mchoraji hakutaka kumsikiliza Limi mbele ya aliyemzidi. Alipojaribu kusema marahaba yeye mwenyewe, Mchoraji aliipima sauti yake, akamjibu kwa upole, "Usijikuze, mwanangu."

"Njia ni moja tu, bibi. Useme shikamoo. Ukiamkia, utashuka cheo, nami nitaweza kumrekebisha."

"Nimwamkie nani?"

"Yeyote. Hata ukuta."

"Mimi niuamkie ukuta!" Bibi alicheka tena, kisha kicheko kikamkauka taratibu. Akaketi. "Walionizidi wote wamekwenda, mjukuu wangu. Tangu dada yangu Mwashi atangulie, sijasema neno hilo. Sina wa kumwambia."

Limi akaketi kando yake. Alimshika mkono tu, na roho ikamuuma.

Bibi Nyamizi akajifunga khanga vizuri, akainamisha kichwa, akakunja magoti kidogo kama wafanyavyo wasichana wa kwao.

"Shikamoo," alisema.

Vidole vya Limi vilikuwa vimeshaanza kazi. Alimfundisha Mchoraji kukumbuka kila salamu aliyoitoa, na kutoipokea marahaba ambayo hakuiomba. Kuku wakatoweka kwenye kuta za jiji, wakabaki kwenye ukuta wa bibi tu. Mayunga akapiga simu akipayuka kwa furaha: mgonjwa ameshonwa, salama salimini. Limi alicheka mpaka akalegea.

Ndipo ukuta wa bibi ukalia, kuna mtu anapiga. Bi kizee mmoja akatokea, mdogo wa umbo, amekunjamana, na mjukuu wake amemshikilia asianguke. Alikuwa kwake mtaa wa Isevya, ameisikia sauti ukutani, na alikuwa ameagiza atafutiwe aliyeamkia mpaka apatikane.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Mimi nimekuzidi sana. Hujambo?"

Machozi na tabasamu vilimjia Bibi Nyamizi pamoja, akausogelea ukuta mpaka paji la uso likaugusa.

"Sijambo, mama," alijibu. "Ila goti linaniuma. Na hawa wajukuu hawanipigii simu." Na sauti ikazidi kuwa ya kitoto, akaanza kudeka.