Mzamiaji Aliyeitwa Mpishi

"Huyo? Huyo ni mpishi wetu tu, daktari. Hajawahi kuzamia hata siku moja!"

Ilikuwa sauti ya bosi wangu, Augustino, ikitoka kwenye simu ya Daktari Eugenia. Loud spika. Wodi nzima inasikia.

Na mimi nimelala pale kitandani, hospitali, Kibaha, saa nne asubuhi. Kuanzia kiunoni kwenda chini sihisi chochote. Yaani hata unichome sindano, sijui!

"Augustino!" nikapiga kelele. "Jana umenishusha mwenyewe! Nakufa huku!"

Simu ikakatwa.

Mume wangu, Mudathir, alikuwa amenishika mkono. Akauachia... taratibu.

"Zuwena. Kuzamia nini?"

Jamani, ngoja niwaambie nilivyofika hapo.

Naishi Kongowe, hii ya Kibaha, siyo ile ya Dar. Mudathir ana karakana ya vitanda na makabati Maili Moja. Miaka miwili iliyopita nilipata kazi ya jikoni kwenye hoteli moja ya ufukweni, kusini mwa Dar. Nyumbani narudi siku mbili kwa wiki.

Jikoni nilikaa miezi sita tu. Hoteli inapeleka wageni kuzamia kwenye matumbawe, na wageni wa kike wengine walitaka mwanamke mwenzao wa kushuka naye. Wakauliza nani anajua kuogelea. Nilijifunza utotoni kwa shangazi yangu, Bagamoyo. Nikanyoosha mkono, wakanifundisha kuzamia.

Siku ya kwanza kushuka nililia ndani ya miwani. Kule chini matumbawe yamejikunja kama kabichi, mengine rangi ya zambarau, samaki wanakupita hawana habari na wewe. Nikajua kwenye masufuria sirudi tena.

Ila nyumbani nikaendelea kuwa mpishi.

Ningeanzia wapi kumwambia Mudathir kwamba mkewe anavaa suti ya mpira ya kubana, anashuka baharini na wanaume? Na mama yake je? Bi Biubwa wa Kibuta, kule Kisarawe, mama ambaye akikutazama tu unaanza kurekebisha ushungi!

Nikasema nitawaambia mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa mwaka na nusu.

Sasa Jumamosi nilikuwa nimeshashuka mara mbili. Mgeni mmoja akadondosha kamera, ikapita ukingo wa matumbawe mpaka chini kabisa, mita thelathini na nne.

"Zuwena, ifuate," Augustino akasema. "Dakika mbili tu."

"Hii ya tatu leo, bosi. Na mtungi huu hewa haitoshi."

"Unabishana au unafanya kazi?"

Nikashuka. Kamera nikaikuta imenasa kwenye ufa. Nikaivuta... nikaivuta... kutazama kipimo, mshale uko kwenye nyekundu! Nikavuta pumzi, ikaja nusu. Nikavuta tena, haikuja kitu.

Ukiwa kwenye kina kile unatakiwa upande polepole, usimame njiani, hewa iliyoingia kwenye damu itoke kidogokidogo. Ukipanda fasta inakuwa kama soda iliyotikiswa halafu ukaifungua. Mapovu. Ndani ya damu yako.

Mimi sikusimama popote. Nilipanda mbio mpaka juu.

Kwenye boti goti likaanza kuuma, ngozi inawasha. Augustino akanitazama, akajua. Naapa alijua! Mtungi wa oksijeni ya dharura ulikuwa pale pale miguuni kwake. Hakuufungua.

"Nenda kwenu ukapumzike," akasema. "Usimwambie mtu."

Na mimi nikatii. Jumapili asubuhi naamka Kongowe, nataka kushuka kitandani... miguu haipo.

Haya, turudi wodini.

Daktari Eugenia alikaa pembeni ya kitanda. "Dada, ugonjwa unaousema unatibiwa kwenye chumba cha chuma chenye presha ya hewa, Zanzibar. Nitakusafirishaje kwa jambo ambalo mwajiri wako anasema halikutokea? Inaweza kuwa uti wa mgongo. Tusubiri vipimo kesho."

"Kesho nitakuwa nimepooza moja kwa moja!"

"Daktari, usihangaike naye," Mudathir akaingilia. "Mama yuko njiani. Tunampeleka Kisarawe kwa mtaalamu. Hili siyo la hospitali."

"Mudathir, mume wangu, ni kweli nilikudanganya kuhusu kazi. Lakini hili sikudanganyi!"

Akanitazama kama vile nimeokotwa barabarani.

"Mwaka na nusu, Zuwena. Unaniangalia usoni unanidanganya. Sasa nitajuaje kwamba la leo ndiyo kweli?"

Wewe ungemjibu nini?

Nikajaribu kukunja kidole gumba cha mguu. Nikakaza macho, jasho likanitoka. Kidole kimelala tu. Nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani.

Saa sita kasoro Bi Biubwa, ambaye mwanawe alishamweleza yote kwa simu, akaingia, vumbi la bodaboda mpaka kwenye kope. Nikajua nimekwisha. Huyu ndiye wa kunipeleka Kisarawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, gari ipo nje," Mudathir akasema. "Tumbebe."

Hakumjibu mwanawe. Akamgeukia daktari.

"Mkwe wangu anasema ameumwa kwa sababu ya kuzamia?"

"Ndiyo, mama. Lakini kazini kwake wanasema ni mpishi."

"Mpishi? Huyu?" Bi Biubwa akacheka, kicheko kikavu. "Wali wake chini umeungua, juu mchele! Hoteli gani itamweka jikoni?"

Halafu akasema maneno yaliyonitoa roho.

"Mwaka jana nilikwenda hotelini kwake bila kumwambia. Nilitaka nione anapika nini. Jikoni wakaninyooshea kidole baharini. Nikakaa mchangani. Nimemwona kwa macho yangu mawili anatoka majini, mtungi mgongoni, wageni wanne wanamfuata kama vifaranga. Andika hapo, daktari: mzamiaji. Ikibidi niape, naapa."

Daktari Eugenia akasimama. "Nesi! Oksijeni, sasa hivi! Na gari la wagonjwa!"

Boti ya mchana ikanivusha Zanzibar, oksijeni usoni. Nilikaa siku sita nikiingizwa na kutolewa kwenye kile chumba cha chuma. Siku ya tatu kidole gumba kikacheza. Mudathir alikuwa nje ya kidirisha, akakiona. Akaegemeza paji la uso kwenye kioo, mabega yakaanza kutikisika.

Leo natembea. Mguu wa kushoto bado una ganzi nikipanda ngazi. Maelezo yangu yote niliyapeleka kwa wenye hoteli, Augustino amesimamishwa kazi.

Lakini swali moja lilinikaa rohoni. Nikamuuliza Bi Biubwa.

"Mama, ulijua mwaka mzima. Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe. Kila ukija Kibuta nakuuliza, kazi inaendaje? Unanijibu habari za vitunguu."

Akasogea karibu yangu.

"Na mimi nilikuwa nataka kujua tu, mwanangu. Huko chini kukoje?"

Nikamweleza. Kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi.

Wewe unayesoma hapa, uongo wangu haukunigharimu chochote nilipokuwa mzima. Siku niliyohitaji kuaminiwa ndipo nilipogundua kwamba imani yao kwangu nimeshaimaliza. Kama kuna mtu nyumbani kwako hajui unakwenda wapi ukifunga mlango, mwambie leo, ungali unasimama kwa miguu yako.