Dumu la Fundi Betri

Kila siku kabla ya kwenda shule, Redio alikuwa na kazi tatu: kufagia uwani, kumwosha uso mdogo wake na kuchota ndoo mbili za maji kisimani. Redio halikuwa jina lake la shuleni. Nyumbani walimwita hivyo kwa sababu habari ikiingia sikioni mwake asubuhi, mchana mtaa mzima ulikuwa nayo. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini mdomo wake, jamani, ulikuwa umeshamaliza chuo kikuu.

Aliyekuwa chuo kikuu kwelikweli ni dada yake mkubwa. Alikuwa mwaka wa tatu akisomea uhandisi wa mazingira, na likizo hii alirudi na kazi ya chuo: achunguze maji ya kisima kimoja, kisha aandike ripoti. Alichagua kisima cha pale pale nyuma ya kwao, ambacho familia tisa zilikitumia. Majirani wakambandika jina la Injinia.

"Injinia gani huyu asiyejenga barabara wala daraja?" aliuliza mama mshonaji wa nyumba ya pili. "Kutwa kunusa maji kwenye vichupa!"

Dada alicheka. "Barabara ikiharibika, mama, utakwama. Maji yakiharibika, utaumwa. Sisi kazi yetu ni maji safi, maji machafu na taka."

Na watu walikuwa wanaumwa kweli. Tangu mvua zianze, ugonjwa wa kuhara ulikuwa ukihama nyumba hadi nyumba. Kitinda mimba wa kina Redio, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa ameharisha mara tatu katika mwezi mmoja mpaka macho yakamwingia ndani. Redio alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Kila alipomwona amelala kitandani hana hata nguvu ya kumsumbua, alipandwa na hasira, akataka kujua ni nani aliyewaharibia maji.

Hakuchukua muda kumpata wa kumshuku. Nyuma ya ukuta wa uwani kwao, jirani na kisima, kulikuwa na karakana ya fundi betri, mtu aliyehamia mwaka uliopita. Alikuwa mtu wa maneno machache, mikono imejaa madoa, suruali imetoboka-toboka kwa asidi. Jumatatu moja alfajiri Redio alimwona akipita karibu na kisima na dumu la bluu. Alilishika mbali na mwili wake, huku akitazama kulia na kushoto.

"Habari za asubuhi, fundi?"

"Nzuri," alijibu bila kusimama.

Mtu mwema hatembei hivyo, Redio alijiambia. Mama mshonaji alipofika kisimani na ndoo yake, alikuta habari inamsubiri.

"Nimemwona fundi betri hapa na dumu."

"Alikuwa anafanya nini?"

Hapo ndipo Redio alipotia chumvi. "Alikuwa anamwaga."

Neno lilimtoka lenyewe, wala halikumkwaruza koo. Kufika mchana, kilichomwagwa kilikuwa kimeshapata jina: asidi. Kufika jioni, Redio mwenyewe alikuwa karibu kuamini kwamba aliiona ikitiririka.

Kuanzia siku hiyo mtaa ulimgeuka fundi betri. Salamu zake hazikuitikiwa. Wateja waliopita wakiuliza karakana walielekezwa kwingine. Binti yake, aliyesoma darasa moja na Redio, alibaki peke yake wakati wa mapumziko. Siku moja alimfuata Redio.

"Mama yako amenikataza kuja kwenu. Nimekosa nini?"

"Sijui," Redio alijibu, macho kwenye viatu vyake.

Jumatano mwenyekiti wa mtaa alitangaza mkutano. Jumamosi saa nne watu wakutane kisimani, nyuma ya kwa kina Redio, na fundi betri aambiwe afunge karakana yake, yeye na familia yake wahame.

Jioni hiyo dada alimwita Redio chumbani. "Eti wewe ndiye uliyemwona?"

"Ndiyo, mimi."

"Alimwaga upande gani wa kisima?"

"Upande... ule."

"Mfuniko wa dumu aliuweka wapi?"

"Mbona unanihoji kama polisi, dada?"

Dada aliandika neno kwenye daftari lake, akalifunga. Redio alitoka amenuna. Sasa alianza kumshuku na dada yake. Kwa nini alikuwa anamtetea yule mtu?

Alhamisi mambo yalizidi. Alfajiri dada alifunika kisima na kukipiga kufuli. Aliwaambia majirani wachote maji kwenye bomba la barabarani hadi Jumamosi kwa sababu kuna kipimo, na mwenyekiti wa mtaa alikuwa amekubali.

"Kipimo gani?" waliuliza.

"Nitawaeleza nikishapata jibu. Nikisema mapema, watu watagombana bure."

Redio, aliyekuwa amejificha nyuma ya kamba ya nguo, aliona zaidi ya hapo. Alimwona dada akiingia chooni na pakiti ndogo na ndoo ya maji. Alipotoka vidole vyake vilikuwa vya kijani, na ile pakiti tupu akaisokomeza haraka kwenye mkoba. Loo! Redio alishika mdomo. Mtu huficha nini chooni?

Dada alipokwenda kuoga, Redio alishindwa kuvumilia. Alilifungua lile daftari. Ukurasa ulikuwa umegawanywa kwa mstari. Upande mmoja uliandikwa "Nilichoona", upande wa pili "Ninachodhani". Kwenye kile alichoona, dada alikuwa ameandika: "Asidi majini: hakuna. Risasi itokayo kwenye betri: hakuna. Vijidudu vya kinyesi: vingi mno." Upande wa pili kulikuwa na mstari mmoja: "Fundi betri alimwaga asidi. Amesema mdogo wangu."

Redio alisoma mara mbili. Ushahidi wake ulikuwa umewekwa upande wa kudhani! Aliona uso unamchoma. Alilirudisha daftari mahali pake.

Jumamosi watu walijaa kisimani. Fundi betri alisimama peke yake karibu na ukuta, binti yake amemshika mkono. Kabla mwenyekiti hajafungua mkutano, dada aliomba nafasi. Alifungua kufuli, akateremsha ndoo, akaipandisha taratibu. Maji yalikuwa ya kijani.

"Haya, si mnaona!" mama mshonaji alipiga kelele. "Asidi hiyo! Huyu mtu anatuua!"

"Hiyo si asidi, mama," dada alisema. "Ni rangi, haina sumu. Niliimwaga mimi mwenyewe Alhamisi, ndani ya choo chetu. Kama choo kingekuwa salama, rangi ingebaki huko huko. Imefika kisimani. Kwa hiyo kinachotuumiza matumbo kinatoka kwetu."

Baba alisimama kama aliyechomwa na mwiba. Alikuwa fundi mwashi, na choo kile kipya alikijenga mwaka jana kwa mikono yake.

"Haiwezekani! Ziwe hatua thelathini kati ya choo na kisima, hiyo naijua tangu sijaoa. Na nilizipima mwenyewe. Tazameni!"

Aliingia uwani, akaanza kutembea kutoka mlango wa choo, akihesabu kwa sauti. Alifuata ukuta, akatokea kwenye lango, akazunguka nyuma, akafika kisimani. "Ishirini na tisa, thelathini! Kuna mtu ana swali?"

"Baba," dada alisema kwa upole, "wewe umezunguka ukuta. Maji ya chini ya ardhi hayapiti langoni."

Alitoa futi ya kupimia, wakaipitisha juu ya ukuta, moja kwa moja kutoka choo hadi kisima. Zilikuwa mita tisa. Mtu mmoja alicheka, kisha akajikohoza. Baba alitazama ile futi, akatazama ukuta, akakaa chini polepole.

"Miaka ishirini najengea watu nyumba," alisema. "Na mwanangu mwenyewe nimemnywesha uchafu. Nisameheni, jirani zangu. Choo hicho nakifunga leo."

Mwenyekiti alikuna kichwa. "Sawa. Lakini fundi betri je? Mtoto si alimwona akimwaga kitu kisimani?"

Macho yote yalimgeukia Redio. Alijua angeweza kunyamaza tu; chanzo cha ugonjwa kimeshapatikana, mkutano ungeisha. Lakini fundi betri angebaki mtu aliyemwaga kitu kisimani, na wale waliotaka ahame wangeendelea kutaka. Alimwona yule msichana mwenzake akimtazama bila kupepesa.

"Sikumwona akimwaga," alisema.

"Sema kwa sauti!"

"Sikumwona akimwaga! Nilimwona amebeba dumu, basi. Hayo mengine niliongeza mimi." Machozi yalimtoka mbele ya mtaa mzima, akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona.

Fundi betri alijikohoza. Kwa mara ya kwanza majirani walimsikia akisema zaidi ya maneno matatu. "Kila Jumatatu lori la wanunuzi wa betri mbovu hupita njia panda alfajiri. Asidi iliyochakaa nawapelekea wao ili nisiimwage ardhini. Nalishika dumu mbali kwa sababu linaunguza. Natazama huku na huku kwa sababu watoto hukimbia bila kuangalia mbele." Akamvuta binti yake karibu. "Mngeniuliza, ningewaambia."

Mama mshonaji ndiye aliyemfuata wa kwanza kumpa mkono, akiwa ameinamisha kichwa, na wengine wakafuata.

Jioni hiyo baba alianza kuchimba choo kipya upande wa pili wa kiwanja, futi ikiwa mfukoni. Fundi betri alikuja na koleo lake bila kuitwa. Dada aliwaonyesha majirani namna ya kutia dawa kisimani, akawasisitizia kuchemsha maji ya kunywa mpaka vipimo viwe safi. Redio alizoa udongo na binti wa fundi. Alimwomba msamaha pale pale shimoni. Mwenzake alimpisha, wakashika ndoo moja pamoja.

Walipopumzika, baba alimwita Redio karibu naye.

"Mwanangu, mimi na wewe tumefanya kosa moja," alisema. "Mimi sikupima, nilitembea. Wewe hukuona, ulidhani. Na sote tukasema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Kidogo tu, mwenzetu angefukuzwa kwake, na mdogo wako angeendelea kunywa yale maji. Kabla ya kumtaja mtu, jiulize: hili nimeliona, au nimelidhani? Kama umelidhani, nenda kaulize."

Wiki tatu baadaye kitinda mimba alikuwa anakimbiza kuku uwani. Jumatatu alfajiri Redio alikuwa kisimani, na mama mshonaji alifika na ndoo yake kama kawaida.

"Redio, leo kuna habari gani?"

"Nimemwona fundi betri amebeba dumu."

"Ehee! Anakwenda kufanya nini?"

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akanyoosha kidole kuelekea njiani.

"Yule pale anapita, mama. Muulize mwenyewe."