Laptopu Bubu

Rafiki yangu, fundi wa kompyuta, siku hizi hathubutu kufunga mlango wa stoo yake. Yaliyomkuta yalimkuta mchana kweupe. Mama mmoja mshonaji alimletea laptopu kuukuu.

"Mwanangu, imekuwa bubu."

"Usijali, mama. Hiyo ni draiva tu, programu inayoendesha sauti."

Kwa kuwa barabarani palikuwa na makelele, aliingia nayo stoo, chumba kisicho na dirisha, akafunga mlango. Akaweka draiva upya, kisha akajaribu maikrofoni kwa kurekodi sekunde tano: "Moja, mbili, tatu."

Alipoicheza, sauti yake ilihesabu, halafu ikaendelea: "Nifungulieni! Jamani, nifungulieni!"

Akakimbilia mlango, kitasa kikazunguka bure. Papo hapo umeme ukakatika, na laptopu ikazimika, maana betri yake ilikufa zamani. Kwenye giza lile akagonga mpaka vidole vikachubuka, akipiga kelele kwa maneno yaleyale.

Aliponyamaza avute pumzi, spika za laptopu iliyozimika zikakwaruza. Sauti ya mwanamume asiyemjua ikasema kwa upole, "Usijichoshe, ndugu yangu. Hata mimi niligonga sana."