Nguo Ambazo Hazijafuliwa

Jua lilikuwa linazama upande wa Bukavu nilipoteremka kutoka Kamembe kwenda Cyangugu kuchukua umushanana wa rangi ya dhahabu. Ndilo vazi la sherehe la wanawake wetu, sketi na kitambaa chepesi kinachofungwa begani. Mteja wangu Benitha alikuwa amelivaa kwenye posa yake, na mimi nguo zangu za kukodisha nilizoea kuzifuata mwenyewe. Zikikaa kwa watu hupata madoa, huazimwa na mashoga, hupotea.

Biashara hiyo niliianza baada ya kuona kwamba vazi la sherehe huvaliwa mara moja, kisha hulala sandukuni mpaka liliwe na nondo. Kwa nini mtu anunue? Mwanzoni wanawake walinikatalia. Nguo ya mwenzio, na jasho lake limo ndani! Hata mama yangu, ninayeishi naye, hakuipenda kazi ile. Nikawa nawajibu wote kwamba ninafua vizuri. Polepole walinizoea, hata wa Bukavu, ng'ambo ya daraja, wakaanza kuvuka kuja kukodi.

Benitha alinipokea kwa kicheko. Kicheko chake kilijulikana mtaa mzima. Kilianza chini kama kikohozi, kikapanda, kikapanda, halafu kikakatika ghafla, na asiyejua sababu naye akajikuta anacheka. Alinikabidhi nguo ikiwa bado inanukia manukato yake.

Nilipofika dukani, mwanamke nisiyemjua alikuwa amesimama mlangoni. Mrefu, mwembamba, amejifunga kanga iliyofifia. Alisema anaitwa Mugwaneza, anatoka Nzahaha. Aliongea kwa kunong'ona, kama mtu aliye chumbani mwa mgonjwa, na macho yake hayakutoka kwenye mfuko niliobeba.

"Maman, nipe ile."

Nikamweleza kwamba haijafuliwa, arudi baadaye.

"Usifue," alinong'ona. "Naitaka vile iko."

Alidai sherehe yao ni ya asubuhi na kwamba ataifua mwenyewe. Nilikuwa nimechoka, na mteja ni mteja. Nikampa. Aliikunjua palepale, akatafuta sehemu ya kwapani, akazamisha uso wake humo. Akavuta pumzi... ndefu... ndefu mno.

Niliona haya, nikatazama pembeni.

Kesho yake jioni aliirudisha ikiwa safi, imepigwa pasi vizuri kuliko ninavyopiga mimi. Lakini haikunuka manukato wala sabuni. Ilinuka tope la ziwani, lile la chini kabisa. Niligeuka kuitundika ukutani, na nikiwa nimempa mgongo nikasikia kicheko. Kilianza chini kama kikohozi. Kikapanda, kikapanda, kikakatika.

Nikageuka nikitabasamu, nimsalimie Benitha.

Benitha hakuwepo.

Alikuwa Mugwaneza peke yake. Mdomo wake ulikuwa ndiyo kwanza unajifumba. Aliniaga kwa mnong'ono wake uleule, akatoka.

Nilijiambia kwamba watu hufanana kwa mengi. Hata hivyo niliteremka Cyangugu. Mama yake Benitha alinieleza kwamba binti ana uchovu wa maandalizi ya harusi. Nilimkuta ameketi kitandani, nikamkumbusha kisa kimoja cha zamani ambacho siku zote kilimvunja mbavu. Alifungua mdomo. Mabega yalitikisika. Hakikutoka chochote.

"Yaya Zulaikha, najaribu," aliniambia taratibu; yaya kwao ni dada mkubwa. "Kinafika hapa." Akagusa koo. "Kisha hakuna kitu."

Aliolewa hivyo hivyo. Kwenye picha zote anatabasamu, na ukimtazama sana unatamani kugeuza uso.

Jioni ya harusi hiyo nilirudi dukani nikiwa nimevaa umushanana wangu wa kijani. Joto lilikuwa kali. Nikafungua kile kitambaa cha begani, kimelowa jasho, nikakitundika kwenye kiti. Ndipo umeme ukakatika.

Niliinusa harufu ya tope kabla sijasikia lolote.

"Leo nataka ile unavaa."

Alikuwa tayari yuko ndani. Sikuwa nimesikia mlango. Nilimjibu kwamba hii ni yangu, haikodishwi, na kwamba duka limefungwa.

"Nitarudisha," alinong'ona, safari hii karibu na sikio langu. "Miye narudishaka."

Midomo yangu ilianza kusoma Ayatul Kursiyyu. Kitu cha baridi kilinipitia shingoni, kama kucha, kama kitambaa kilicholowa maji. Sikusimamisha kisomo. Nilisoma mpaka umeme uliporudi.

Hakukuwa na mtu.

Kwenye kiti hakukuwa na kitambaa.

Asubuhi nilipanda pikipiki mpaka Nzahaha, nikauliza nyumba kwa nyumba. Wengi hawakumjua. Mwishoni nikaelekezwa kwa Mzee Muhigirwa, aliyekuwa anapalilia mihogo yake. Nilipotaja jina, aliacha jembe likiwa limesimama ardhini.

"Mugwaneza tulishamuzika, binti yangu."

Alinisimulia akiwa ametazama mihogo. Mwanamke yule alikuwa maskini asiye na ndugu. Alipokufa, majirani waliona aibu kumzika na matambara, wakamwazimia umushanana mzuri kwa mama mmoja wa pale. Mwenye nguo alidhani ni ya kumlaza tu, watu wapate kuaga. Alipoona inakwenda kaburini, akaidai. Maiti ilivuliwa palepale, mbele za watu, ikafunikwa majani ya migomba. Mwenye nguo alirudi nayo nyumbani, akaivaa bila kuifua. Kilichompata baadaye, mzee hakutaka kukisema.

Aliniuliza kama Mugwaneza ameongea nami. Nikamweleza kwamba hunong'ona tu, lakini amecheka, na kicheko si chake.

"Basi kicheko ameshapata," alisema. "Muntu akikosa vyote anaanza na kimoja. Sasa atatafuta sauti." Kisha akaniuliza polepole, "Amechukua nini kwako?"

Nilimwambia. Alichukua jembe lake, akahamia upande wa pili wa shamba, mbali nami.

Njia ya kurudi ilikuwa na vumbi jingi, na koo langu lilikauka. Nilimeza mate, nikameza tena. Tulipofika Kamembe giza lilikuwa linaanza kuingia. Mwenye pikipiki aliniuliza anishushe wapi. Nikamwonyesha kwa kidole.

Mama alikuwa uani, anawasha mkaa. Aliponiona, alishangaa.

"Umerudi tena?" aliuliza. "Si umetoka hapa sasa hivi?"

Nikasimama.

Alinieleza huku akipuliza moto. Nilikuwa nimemwita kutoka nje ya ua, kwa sauti yangu hasa, kwa jina ambalo ni mimi peke yangu ninayemwita nalo. Alinikaribisha ndani, nikakataa, nikasema nina haraka. Nilimwomba anipitishie juu ya ukuta lile beseni la nguo zangu chafu, eti nikazifue dukani. Akanipa. Zote, na gauni la kulalia, na shuka. Mkono niliopokelea, alisema, ulikuwa na baridi, akafikiri labda nina homa.

"Zulaikha, unaumwa?"

Nilifungua mdomo kumwambia kwamba sikuwa mimi.

Mama aliacha moto. Akanisogelea, akanitazama usoni, akaendelea kungoja niseme.