Kichwa cha Kenge

Asubuhi ya siku ya onyesho, msimamizi wa ukumbi alifungua chumba cha mavazi akakuta kenge hana kichwa. Vazi la sponji la kijani lilikuwa bado linaning'inia, shingo imekatwa kwa mkasi.

Vazi lilikuwa la filamu ya watoto, iliyotengenezwa kwa pesa kiduchu na kusahaulika miaka mingi, mpaka mtu fulani alipoirusha mtandaoni. Sasa watu wazima na akili zao walikuwa wanajichora kenge mikononi, na tiketi za jioni hiyo zilikuwa zimekwisha.

Inspekta alianza na mwongozaji, mzee aliyelishona vazi lile mwenyewe.

"Nilikate la nini, mama? Ndilo lililonifufua."

"Nani ana kinyongo?"

Mzee alishusha sauti. "Kuna ndugu wawili. Dada mtu alicheza binti mfalme. Mdogo wake alikuwa ndani ya kenge, hakuonekana hata pua. Siku ya uzinduzi alilia kama kafiwa."

Mdogo mtu, siku hizi fundi umeme, hakukana. "Nilimwonea wivu dada, ndiyo. Nilikuwa mtoto, Inspekta."

"Kichwa kilikuwa kinavuliwaje?"

Fundi alinyanyua magamba ya shingoni mwa vazi. Chini yake kulikuwa na kulabu. "Unafungua hizi, kinatoka."

Kulabu zote zilikuwa zimefungwa. Inspekta akaziangalia kwa makini, kisha akaenda chumba cha jirani, dada mtu alikokuwa anajipodoa. Fundi akamfuata.

"Uliwahi kulishika vazi la kenge?"

"Mimi? Lilikuwa linanuka jasho. Hata kulisogelea sikuthubutu."

"Nakuamini. Ukiacha msimamizi aliyetuita, ufunguo wa chumba kile mnao watatu: wewe, mdogo wako na mwongozaji. Wenzako wangefungua kulabu. Aliyekata hakujua kama zipo."

Inspekta akafungua kabati. Nyuma ya gauni la binti mfalme, kenge alikuwa amekodoa macho.

Dada mtu aliweka poda chini. "Uso kwenye filamu ni wangu! Nilikariri maneno yote, yeye alikuwa anatambaa tu. Leo watu wananisimamisha njiani, nafurahi, kumbe wanataka kuniuliza, 'Hivi yule kenge alikuwa nani?'"

Akaanza kulia. Fundi alimkaribia, akamwekea mkono begani.

"Pole, dada," alisema. Kisha, taratibu: "Wanauliza kweli?"

Inspekta alimtazama. Alikuwa anajitahidi kuhuzunika, lakini tabasamu lilikuwa limeshamzidi nguvu.