Orodha ya Walimu wa Kisugu

Hakuna penzi lililowahi kuchipuka Kisugu nisilijue kabla wenyewe hawajajijua. Isipokuwa la mume wangu na yule mwanamke wa Kibuli. Hilo niliambiwa na muuza maziwa, na tayari walikuwa na watoto wawili. Lakini hili la Lamunu na Jafar ninalijua vizuri, kwa hiyo kaeni.

Ilikuwa Januari, mwaka wa sabini na sita, na Kampala nzima ilikuwa imesimama kwenye foleni. Mtu alipanga kwanza, halafu ndipo akauliza wanapanga nini. Siku hiyo ilikuwa sabuni, mbele ya duka moja la Barabara ya Kampala ambalo mwenyewe, Mhindi, alifukuzwa nchini, nalo likapewa kapteni asiyejua hata bei ya kiberiti.

Lamunu alikuwa mtu wa arobaini na kitu kwenye mstari. Binti wa miaka ishirini na mitatu, mrefu, shingo imesimama, amevaa gauni la buluu lililofunguliwa pindo likashushwa chini ya magoti kwa amri ya serikali. Maana wakubwa wetu, pamoja na kazi zote walizokuwa nazo, bado walipata nafasi ya kupima magoti ya wanawake. Alama ya pindo la zamani ilionekana wazi, na Lamunu alikuwa ameiacha makusudi bila kuipiga pasi.

Alisimama tangu saa mbili asubuhi. Saa sita wakaja wake wa maofisa, wakaingia dukani bila kumtazama mtu, wakatoka na makatoni. Foleni nzima ikatazama viatu vyake. Lamunu peke yake aliwatazama wale wanawake. Hapo hapo kijana mmoja akajipenyeza mbele yake, amekumbatia taipureta kama mtoto mwenye homa.

"Sebo," akamwambia, yaani bwana kwa Kiganda, "mwisho wa foleni uko kule posta."

"Sipangi, nyabo. Natafuta kivuli. Mashine ikipigwa na jua, utepe unakauka."

"Na mimi nikipigwa na jua?"

Kijana akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kwenye ile alama ya pindo. "Wewe unaiva tu."

Lamunu akamwambia aondoke kabla hajaivishwa yeye. Hakuondoka. Alikuwa Mnubi wa Kibuli, jina lake Jafar, shati jeupe lenye doa la wino mfukoni, kofia ya kufuma imelalia sikio moja, suruali pana chini kiasi cha kufagia njia. Sabuni ilipoisha kabla hawajafika hata watu ishirini, akafungua gazeti alilokuwa nalo kwapani. Ndani mlikuwa na mche mzima wa sabuni, malipo ya kutengeneza taipureta ya kapteni. Akaukata kwa uzi, akampa Lamunu kipande kikubwa. Lamunu alipokea, akasema sabuni hii inanuka kambi ya jeshi. Jafar akamwuliza jina lake. Akajibu kwamba jina lake ni Foleni, akaenda zake.

Jumatatu iliyofuata Foleni akafika kuripoti kazini kwenye shule ndogo ya walokole, hapa Kisugu, akamkuta Jafar barazani, amechuchumaa juu ya taipureta ya shule na bisibisi mdomoni.

Shule hiyo ilikuwa na madarasa saba, paa la mabati, na mwalimu mkuu mmoja aliyeitwa Erinayo. Wazungu wa misheni walikwisha kuondoka, walimu wa Kenya nao wakakimbia, kwa hiyo mwaka huo akaajiri wapya. Kumchukua Mwislamu awe karani kulimkosesha raha kidogo, lakini mafundi wa taipureta walikuwa wamefukuzwa pamoja na Wahindi, na Jafar alijifunza kazi hiyo kwa mmoja wao. Yesu atatuelewa, alisema Erinayo, mitihani lazima ichapwe.

Erinayo aliokoka mwaka wa arobaini na sita na tangu hapo hakuwa amesema uongo hata mmoja. Mkewe alipomwuliza kama gauni linampendeza, alijibu. Sasa fikirieni maisha ya mwanamke yule.

Na alikuwa na desturi yake. Kila Ijumaa baada ya masomo wafanyakazi walikaa darasa la saba, kila mmoja akasimama nuruni, yaani akaungama yaliyo moyoni mbele ya wote. Mwalimu mpya hakukabidhiwa boksi la chaki mpaka atoe ushuhuda. Mmoja aliungama kwamba alikula yai la shule. Mwingine, kwamba anamchukia wifi yake. Ikafika zamu ya Lamunu.

"Nina hasira," alisema. "Mwezi wa Novemba watu wa usalama, wenye mashati ya maua na miwani myeusi walikuja nyumbani kwetu, kambi ya polisi Naguru. Walimwambia baba yangu, Sajenti Ochan, wana maswali mawili matatu. Wakamtia kwenye buti la gari. Mama ameuliza kila ofisi, anaambiwa baba ametoroka. Nawachukia. Sijatubu, na sitaki kutubu."

Mtu mmoja akainuka kufunga dirisha. Wengine wakakohoa, kikohozi kile cha mwaka ule, cha watu waliosikia wasilopaswa kusikia. Huko barazani, alikoachwa kwa kuwa Mwislamu, Jafar aliacha kuchapa. Erinayo akachukua boksi la chaki, akampa Lamunu kwa mikono miwili.

"Umesema kweli, dada," alisema.

Ndivyo walokole walivyokuwa. Ukweli wao ulikuwa mzuri, na uliweza kuua shule nzima kwa siku moja.

Mapenzi yao yalianzia kwenye simu. Ilikuwepo moja, mezani kwa Erinayo. Jafar, akitumwa mjini kutafuta karatasi, alipiga kutoka posta kwa sauti ya mzee mwenye pumu, akaomba kuongea na mwalimu wa darasa la tatu kuhusu maendeleo ya mtoto. Erinayo alimwita Lamunu, akabaki hapo hapo akisahihisha madaftari.

"Mtoto wako ni nani, mzee?" aliuliza Lamunu.

"Hajazaliwa bado, Foleni. Nataka kujua mama yake amekula mchana."

"Mtoto huyo ana matatizo ya adabu. Anahitaji kiboko."

"Basi uje umchape mwenyewe. Jumamosi, saa tisa, kwenye bustani chini ya Nakasero."

"Nitawasiliana na wazazi," alisema Lamunu, akakata, akarudi darasani akatamka hesabu ya mbili mara mbili kuwa tano.

Jumamosi zikawa nyingi. Jafar alimletea njugu, yeye akamletea maneno makali, na wote wawili walishiba. Lamunu alimwambia suruali yake inaweza kuwahifadhi watu wanne mvua ikinyesha. Jafar akasema nafasi tatu zimejaa, imebaki moja. Hakuna aliyetamka ndoa. Mnubi, kabila lililopendwa na wakubwa, na Mwacholi, kabila walilokuwa wakiliwinda; msikiti na kanisa, na mwaka wenyewe ule.

Mwezi wa Julai wakubwa waliaibishwa Entebbe, Waisraeli walipokuja usiku kuchukua mateka wao, wakatafuta wa kumalizia hasira. Ikaja barua kutoka ofisi moja ya usalama, Mbuya: kila shule ya kanisa ilete orodha ya wafanyakazi wake, kwa maelezo yaliyotajwa humo. Erinayo akampa Jafar barua na kitabu cha walimu, akamwambia achape kilichoandikwa humo, asipunguze wala asiongeze. Jafar akachapa, Erinayo akatia sahihi, orodha ikaenda.

Wiki iliyofuata, asubuhi, Lamunu aliingia ofisini kutafuta karatasi ya kaboni ya kunakili maswali ya mtihani. Kwenye kapu la taka akaona moja isiyochakaa. Kaboni, kwa asiyejua, huhifadhi kila herufi iliyogongwa juu yake. Akaiinua dirishani aone kama bado inafaa, na kwenye mwanga akasoma jina lake. Lamunu Ochan. Mwacholi. Baba: Sajenti Ochan, polisi, Naguru.

Jafar alikuwa barazani. Lamunu alimwekea kaboni juu ya taipureta.

"Hii ni kazi yako?"

Jafar aliitazama, kisha akatazama dirisha la Erinayo, lililokuwa wazi. "Ni yangu. Lakini subiri, tuzungumze Jumamosi."

"Uliwaandikia baba yangu ni nani. Ulinisikia Ijumaa ile, ukachapa, ukawapelekea."

"Foleni, punguza sauti. Siwezi kusema hapa."

"Kwa nini? Mashine yako imemaliza wino?"

Akamwita kibaraka. Akamwita mashine yenye miguu. Alimwambia ile sabuni ilinuka kambi, na yeye ananuka kambi, na njugu zake zilinuka kambi. Jafar alisimama ameumauma mdomo, jicho kwenye dirisha lile, na kila alivyonyamaza ndivyo Lamunu alivyozidi kuwaka. Alikuwa amekwisha kuinua mkono ampige kwa daftari la mahudhurio wakati gari aina ya Peugeot lilipoingia uwanjani bila kupunguza mwendo, kuku wakaruka.

Akashuka mtu mmoja. Shati la maua, miwani, viatu vya soli nene, karatasi iliyokunjwa mkononi. Erinayo akatoka ofisini.

"Mwalimu," alisema yule mtu, "nataka ile mutoto ya Ochan. Watu nasema iko hapa, nafundisha."

Erinayo akafungua mdomo. Kila mtu barazani alijua kitakachotoka humo.

"Tazama orodha, afande," alidakia Jafar. "Unayo mkononi."

Yule mtu akakunjua karatasi, akasoma kwa kidole. Akapitisha kidole mara mbili. "Hapa hakuna Ochan. Iko Safinah, Mnubi, mutu ya Bombo, bibi ya karani. Safinah nani?"

"Huyu hapa," alisema Jafar. "Mke wangu."

Lamunu bado alikuwa ameinua daftari. Yule mtu akavua miwani, akamwuliza kwa Kinubi kama ndiye Safinah.

Lamunu alizaliwa kambini. Majirani zao wa kushoto, kulia na nyuma walikuwa Wanubi, na Kinubi alikijua cha uani, kile ambacho wanawake hutumia kugombania kamba ya kuanikia nguo. Hasira aliyokuwa nayo hakuitafuta; ilikuwa tayari, imechemka. Akajibu kwamba ndiye, kwa bahati mbaya. Kisha akamgeukia Jafar kwa Kinubi hicho hicho akamweleza kuwa ni mwongo, mwoga, mtu wa kuficha mambo, kwamba anazunguka mjini na suruali ya kufagilia barabara huku nyumbani hakuna sukari, na kwamba siku aliyomfahamu ingefaa ifutwe kwenye kalenda. Daftari likatua begani kwa Jafar mara mbili.

Yule mtu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiuno. Akasema kwa Kiswahili chake kwamba mwanamke hawezi kutukana hivi mtu ambaye si bwana yake. Halafu kicheko kikakatika kama kilivyoanza, akamgeukia Erinayo.

"Wewe, mutu ya Mungu. Hawa ni bibi na bwana?"

Erinayo alitokwa na jasho juu ya mdomo. Miaka thelathini ya kweli ilimsimamia shingoni. Alitafuta humo ndani, akatafuta tena, akapata moja inayotosha.

"Afande," alisema, "hawa wawili tangu waingie shule hii hawajaniacha nipumzike hata siku moja."

Yule mtu akavaa miwani, akampa Jafar pole, akaondoka. Gari lilipopotea, Erinayo akaketi kwenye ngazi ya baraza, akavua koti lake, akalikunja, akalikunjua.

Hapo Jafar akazungumza. Alichapa orodha ya kwanza kama alivyoagizwa, akaisoma, akaona amechimba kaburi. Akaichoma, akachapa nyingine, kaboni akaisahau kwenye kapu. Erinayo alitia sahihi bila kusoma kwa sababu alimwamini.

"Na mimi ulininyima habari," alisema Lamunu.

"Ningekuambia, ungesimama Ijumaa ukaungama. Na mzee huyu angeulizwa, angejibu."

"Ningejibu," alikiri Erinayo kutoka kwenye ngazi.

Lamunu hakulainika. Macho yalimjaa, lakini sauti ilibaki ile ile. "Wao walimchukua baba yangu mzima. Kilichobaki kwetu ni jina lake tu, hilo nililolitaja hapa darasani mbele ya watu. Nawe ukalifuta. Ukaandika Safinah, mutu ya Bombo. Umenisaidia, Jafar, nami nina hasira nawe, na yote mawili ni kweli."

Jafar hakujitetea. Alisema jina la Ochan hakulifuta kwake. Analijua, na siku nchi ikipata watu wenye akili atalichapa kwa herufi kubwa, nakala kumi, azibandike hata mlangoni pa ile ofisi ya Mbuya. Alisema yuko radhi atukanwe kila siku kwa Kinubi, Kiacholi na Kiingereza, mradi anayetukana awe hai.

Lamunu akajifuta uso kwa kiganja chenye chaki, akabaki na shavu jeupe. Akakaa kwenye ngazi, nafasi ya mtu mmoja kati yake na Erinayo.

"Sawa. Safinah ilikuwa lazima. Bombo ilikuwa lazima. Na mke wa karani?"

"Hiyo barua iliuliza," alisema Jafar, akaanza kusafisha herufi za taipureta zilizokuwa safi. "Palikuwa na mahali pa mume. Ningeacha wazi wangeshuku. Nikaandika jina lililokuwa karibu."

"Lililokuwa karibu."

"Haraka tu, nyabo. Sikukusudia lolote."

"Mwalimu," Lamunu alimwambia Erinayo, "barua ya Mbuya bado unayo?"

Jafar alisema hakuna haja ya kumsumbua mzee, ameshachoka. Erinayo alikwisha kunyanyuka. Akarudi na barua, akavaa miwani yake ya kusomea, akapitia kwa sauti ile ile anayosomea Zaburi.

"Jina. Kabila. Jina la baba. Mahali pa kuzaliwa. Kazi." Akainua macho. "Basi."

"Igeuze," alisema Jafar. "Imeandikwa upande wa nyuma."

Erinayo akaigeuza, akawaonyesha wote wawili. Nyuma palikuwa peupe kama sahani iliyolambwa.